Uso Kivulini, Bahari Juani: Misingi ya Kulinganisha Ubora wa Picha za Kamera na Lenzi za Kidijitali kwa Mfano wa Feri, Dar es Salaam

Ikisiri

Matangazo ya kamera na simu aghalabu hutanguliza idadi ya megapikseli, na mnunuzi huishia kulinganisha vifaa kwa nambari hiyo peke yake. Makala haya yanafafanua kwa nini nambari hiyo haitoshi, na ni mambo gani hayana budi kushikiliwa yasibadilike ili ulinganishi wa kamera mbili, au wa lenzi mbili, uwe wa haki. Mfano unaotumika ni Feri, jijini Dar es Salaam, ambako mtu aliye chini ya paa la soko la samaki hupigwa picha huku nyuma yake kukiwa na maji yanayomulikwa na jua. Kwa hesabu zinazotokana na viwango vya kuakisi mwanga vinavyofahamika, makala yanaonesha kuwa katika mandhari hiyo ubora huamuliwa kwanza na upeo wa mwanga wa kihisi na uwezo wa lenzi wa kuzuia mwanga uliopotea njia. Aidha, yanaonesha kuwa uso wenye ngozi nyeusi ndio unaofichua mapema zaidi upungufu wa vyote viwili. Makala yanahitimisha kuwa matokeo ya ulinganishi uliofanywa kwa mwanga na watu wa mahali pengine hayawezi kuchukuliwa kuwa jibu kwa mpiga picha wa Feri bila kujaribiwa upya papo hapo.

Maneno makuu: kihisi, lenzi, upeo wa mwanga, chembechembe, ulinganishi, Feri

1.0 Utangulizi

Feri ni eneo la mlango wa bandari ya Dar es Salaam lililopata jina lake kutokana na kivuko kinachounganisha Magogoni na Kigamboni. Hata baada ya Daraja la Nyerere kufunguliwa mwaka 2016, kivuko kimeendelea kuwa njia ya maelfu ya watu. Kando ya kituo cha kivuko lipo soko la samaki, ambako vyombo hushusha samaki tangu alfajiri na madalali hunadi mafungu mbele ya wachuuzi, mama lishe na wenye hoteli. Upande wa magharibi, mwendo mfupi kwa daladala, ipo Kariakoo, yenye soko kuu lililosanifiwa na msanifu majengo Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Mitaa inayolizunguka soko hilo ni mahali ambapo simu, kamera na lenzi, mpya na za mtumba, hununuliwa na kuuzwa.

Sehemu hizi mbili zimeungana katika suala linalojadiliwa hapa. Kifaa huchaguliwa Kariakoo, ndani ya duka lenye taa nyeupe, kwa kutazama kioo kidogo cha nyuma ya kamera. Kazi yake hufanyika kwingine: kivukoni, sokoni, kwenye sherehe, au katika studio ndogo ya picha za vitambulisho. Mpiga picha anayejitegemea huweka mtaji wa miezi mingi katika kamera moja na lenzi moja. Akikosea kuchagua, hasara haiishii mfukoni mwake. Humfikia pia mtu aliyepigwa picha, ambaye hujikuta katika gazeti, katika albamu ya harusi au katika kitambulisho akiwa na umbo lisilo na uso.

Lengo la makala haya ni kufafanua misingi ambayo kwayo ulinganishi wa ubora wa picha unaweza kufanywa na kutetewa. Makala hayakusudii kutaja kamera iliyo bora kuliko nyingine. Yanakusudia kuonesha swali lipi liulizwe kwanza, na kwa nini swali hilo hubadilika kulingana na mahali.

2.0 Istilahi zinazotumika

Kihisi ni bamba dogo lililo nyuma ya lenzi ambalo hupokea mwanga na kuugeuza kuwa chaji ya umeme. Bamba hilo limegawanywa katika vijisehemu viitwavyo pikseli, na pikseli milioni moja ni megapikseli moja. Upeo wa mwanga ni uwiano kati ya mwanga mkali zaidi na mwanga hafifu zaidi ambao kihisi kinaweza kuunasa kwa pamoja, katika picha moja, bila kupoteza maelezo. Uwiano huo hupimwa kwa stopu, na kila stopu moja ni kuongezeka kwa mwanga maradufu. Kwa hiyo stopu tatu ni mara 8, na stopu kumi ni mara 1,024.

Chembechembe ni madoa madogo yasiyo na mpangilio yanayoonekana hasa katika sehemu zenye giza. Tundu la lenzi ni nafasi inayopitisha mwanga, na ukubwa wake huandikwa kwa alama ya f, ambapo f/2 ni tundu kubwa na f/16 ni tundu dogo. Urefu wa fokasi, unaopimwa kwa milimita, huamua upana wa mandhari inayoingia katika picha. Faili ghafi ni kumbukumbu ya kihisi kabla kamera haijaichakata, ilhali JPEG ni picha iliyokwisha kuchakatwa na kubanwa.

3.0 Mandhari ya Feri kama kipimo

Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo jua hupanda karibu wima tangu linapochomoza, na mwanga laini wa asubuhi hudumu kwa muda mfupi. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena kabla ya katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Uso wa mtu aliyesimama nje wakati huo huwa na paji linalong'aa na macho yaliyozama katika kivuli. Hali ya chini ya paa la soko ni kinyume chake: watu wapo kivulini, na nje yao maji, mashua na zege la gati vinarudisha mwanga mkali.

Ukubwa wa tofauti hiyo unaweza kukadiriwa. Kadi ya rangi ya Macbeth, iliyotolewa mwaka 1976 na ambayo bado inatumika kote duniani katika upimaji wa kamera, ina vibao 24. Kibao cha kwanza kinawakilisha ngozi nyeusi, nacho huakisi takriban asilimia 10 ya mwanga unaokiangukia. Kibao cha pili, cha ngozi nyeupe, huakisi takriban asilimia 36. Kibao cheupe huakisi takriban asilimia 90 na cheusi takriban asilimia 3. Kwa upande wa kivuli, kanuni ya zamani ya wapiga picha inakadiria kuwa kivuli cha mahali pa wazi kina mwanga pungufu kwa stopu tatu kuliko juani, yaani moja ya nane.

Chukulia mchuuzi mwenye ngozi nyeusi aliyesimama ukingoni mwa paa, na nyuma yake mtu aliyevaa kanzu nyeupe akiwa juani. Kanzu inaakisi asilimia 90, uso unaakisi asilimia 10, na uso upo katika moja ya nane ya mwanga. Uwiano wa kanzu kwa uso ni 9 mara 8, yaani 72, ambao ni zaidi kidogo ya stopu sita. Nywele na nyusi zake, kwa kukadiria kuwa zinaakisi asilimia 3, zipo mara 240 chini ya kanzu, karibu stopu nane. Mtu huyo akisogea ndani zaidi, ambako mwanga ni moja ya thelathini na mbili ya ule wa juani, uwiano wa kanzu kwa nywele hufikia 960, karibu stopu kumi. Hesabu hii haijagusa mmeto wa jua juu ya maji na juu ya magamba ya samaki, ambao unazidi weupe wa kanzu.

Athari yake katika picha ni dhahiri. Ikiwa mpiga picha ataamua kuilinda kanzu isiungue, uso huo, katika picha ya kawaida yenye ngazi 256 za mwangavu, utaangukia karibu na ngazi ya 29. Uso wenye ngozi nyeupe mahali pale pale ungeangukia karibu na ngazi ya 60. Ili uso wa kwanza ufikie ngazi ambayo ungekuwa nayo juani, yaani karibu 89, mwanga wake hauna budi kuzidishwa mara nane baada ya picha kupigwa. Kila kinachozidishwa hubeba pia chembechembe zake. Hapo ndipo kamera mbili zilizoonekana sawa dukani zinapotengana.

4.0 Kihisi: idadi ya pikseli na ukubwa wa eneo

Mwanga hufika kwenye kihisi kama vipande vidogo vya nishati viitwavyo fotoni, na idadi yake hubadilikabadilika kwa bahati nasibu. Kanuni ya takwimu inasema kuwa mabadiliko hayo ni sawa na kipeo cha pili cha idadi yenyewe, yaani mzizi wake wa mraba. Ikiwa pikseli inayopokea mwanga wa kanzu imekusanya fotoni 36,000, tetemeko lake ni takriban 190, na uwiano wa taarifa kwa tetemeko ni 190 pia. Pikseli inayopokea mwanga wa uso, ambao ni mara 72 pungufu, inakusanya fotoni 500. Tetemeko lake ni takriban 22, na uwiano ni 22 tu. Kamera ile ile, katika picha ile ile, ina ubora mmoja kwa kanzu na ubora mwingine kwa uso.

Njia ya moja kwa moja ya kuongeza uwiano huo ni kukusanya mwanga zaidi, na hapa ukubwa wa kihisi ndio unaohusika. Kihisi cha fremu kamili kina milimita 36 kwa 24, sawa na milimita za mraba 864. Kihisi cha aina ya APS-C katika kamera nyingi za Nikon kina takriban milimita 23.5 kwa 15.6, sawa na milimita za mraba 367. Kihisi cha kamera ndogo ya mfukoni, kile kiitwacho cha inchi 1/2.3, kina takriban milimita za mraba 28. Cha kwanza ni mara 31 ya cha mwisho, karibu stopu tano. Kwa lenzi zenye alama moja ya f na kasi moja ya shata, kihisi kikubwa hukusanya mwanga mara nyingi zaidi kwa picha nzima.

Megapikseli zina kazi yake, lakini ina mipaka. Kutoka megapikseli 12 hadi 24, urefu wa kila upande wa picha huongezeka kwa mara 1.4 tu, wala si maradufu. Picha ya sentimita 10 kwa 15 iliyochapishwa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji megapikseli 2 na ushei. Ukurasa mzima wa A4 unahitaji karibu 9. Picha ya kitambulisho ya milimita 35 kwa 45 haihitaji hata robo ya megapikseli moja. Canon EOS 5D Mark II ya mwaka 2008 ilikuwa na megapikseli 21.1, na Nikon D3300 ya mwaka 2014, iliyo kamera ya wanaoanza, ilikuwa na 24.2. Kwa matumizi yaliyotajwa, kamera hizo mbili za mtumba zinavuka hitaji la maelezo kwa mbali. Kuzipanga kwa nambari ya megapikseli ni kupima kitu ambacho zote wanacho cha kutosha.

Kwa upande mwingine, si haki kusema kuwa kihisi kikubwa hushinda daima. Vihisi vya miaka ya karibuni huongeza tetemeko dogo zaidi la umeme wakati wa kusoma chaji kuliko vihisi vingi vya zamani, na hilo hudhihirika hasa katika giza. Simu nazo hupiga fremu kadhaa mfululizo na kuziunganisha. Fremu tisa zikiunganishwa, tetemeko hupungua kwa mara tatu. Kwa jengo au mashua iliyotia nanga, mbinu hiyo huweza kuipa simu matokeo yanayokaribia ya kamera kubwa. Kwa mkono wa dalali unaopanda na kushuka wakati wa mnada, fremu tisa huwa na mikono tisa, na programu ya simu hulazimika kuchagua fremu chache au kuacha kivuli cha mkono hewani. Ulinganishi wa simu na kamera uliofanywa kwa vitu visivyotembea tu hauna hoja ya kutosha kuhusu soko.

5.0 Lenzi: ukali, tundu na mwanga uliopotea njia

Lenzi huweza kulinganishwa kwa vigezo vitatu vinavyohusiana na mfano huu. Cha kwanza ni ukali, yaani uwezo wa kutenganisha mistari iliyokaribiana. Lenzi nyingi huwa na ukali mdogo pembeni zinapofunguliwa kikamilifu, na huimarika tundu linapofungwa kwa stopu moja au mbili. Hata hivyo, kufunga tundu kupita kiasi huleta hasara nyingine, kwa kuwa mwanga hutawanyika unapopita katika tundu dogo. Kwa mwanga wa kijani, nukta moja ya mwanga katika f/8 huwa duara la takriban mikromita 11. Katika f/16 huwa mikromita 21, na katika f/22 huzidi mikromita 29. Pikseli ya D3300 ina upana wa takriban mikromita 4. Mpiga picha anayefunga tundu hadi f/22 kwa kuogopa jua la Feri huitandaza nukta moja juu ya pikseli nyingi, na kuzipoteza megapikseli alizozilipia.

Cha pili ni ukubwa halisi wa tundu. Alama ya f ni uwiano wa urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu, kwa hiyo alama moja haimaanishi tundu moja. Lenzi ya kamera ya mfukoni yenye urefu wa fokasi wa milimita 5 na f/1.8 ina kipenyo cha takriban milimita 2.8. Lenzi inayoonesha upana ule ule wa mandhari katika fremu kamili ina urefu wa fokasi wa takriban milimita 28, na kwa f/1.8 kipenyo chake ni milimita 15.6. Eneo la tundu la pili ni mara 31 ya la kwanza, tofauti ile ile iliyoonekana katika ukubwa wa vihisi. Anayelinganisha f/1.8 ya kifaa kimoja na f/1.8 ya kingine bila kutaja kihisi amelinganisha maandishi, si mwanga.

Cha tatu, na kinachosahaulika zaidi, ni mwanga uliopotea njia. Sehemu ndogo ya mwanga unaoingia katika lenzi hugongana na nyuso za vioo na kuta za ndani, kisha husambaa juu ya picha yote kama utando. Katika chumba, utando huo hauonekani. Katika mandhari yenye bahari inayong'aa nyuma ya uso, asilimia moja tu ya mwanga wa bahari ikisambaa inakaribia kulingana na mwanga wote unaotoka usoni, kwa kuwa uso wenyewe ni moja ya sabini na mbili ya ule weupe. Weusi wa nywele hugeuka kijivu, na mistari ya uso hufifia. Kihisi chenye upeo mkubwa hakisaidii kitu pale lenzi inapokuwa imekwisha kuufunika uso.

Suala hili lina uzito wa pekee katika mwambao. Upepo wa bahari huacha chumvi juu ya kioo cha mbele, na unyevunyevu wa hewa ya Dar es Salaam huotesha kuvu ndani ya lenzi zinazohifadhiwa gizani, katika mkoba usiopitisha hewa. Nyuzi za kuvu hizo hazionekani lenzi ikitazamwa juujuu. Huonekana tochi ikielekezwa upande mmoja wa lenzi, na jicho likatazama kwa mshazari kutoka upande wa pili. Kwa sababu hiyo, matokeo ya jaribio la lenzi mpya yaliyochapishwa ng'ambo hayazungumzii lenzi ya mtumba iliyo mezani Kariakoo. Jina ni moja, lakini kioo kimekwisha kuwa kingine.

6.0 Kipimo na ngozi

Inafaa kuuliza vipimo vinavyotumika vilitengenezwa kwa kumtazama nani. Katika miongo ya filamu, Kodak ilizisambazia maabara kadi za kusahihishia rangi zilizokuwa na picha ya mwanamke mweupe, zilizokuja kuitwa kadi za Shirley. Rangi zilihesabiwa kuwa sahihi pale ngozi yake ilipoonekana sahihi. Ni katikati ya miaka ya 1990 ndipo kampuni hiyo ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Katika zama za kidijitali, suala hilo limehamia katika programu inayochakata picha. Google ilitangaza mfumo wa Real Tone pamoja na simu ya Pixel 6 mwaka 2021, na mwaka 2022 ikaanza kutumia mizani ya ngozi yenye ngazi 10 iliyobuniwa na mwanasosholojia Ellis Monk. Tecno, kampuni ya Kichina ambayo simu zake zimeenea sana Afrika, imezitangaza kamera zake kwa hoja hiyo hiyo ya kuipiga vyema ngozi nyeusi.

Matangazo hayo ni madai, na madai hupimwa. Yapo makosa mawili yanayopaswa kutafutwa. La kwanza ni uso kuzama katika giza, kama ilivyoelezwa. La pili ni kinyume chake: programu huusawazisha uso kwa nguvu hadi ukapauka, ukapoteza wekundu na udhahabu wake, au ukalainishwa hadi makunyanzi na chale zikafutika. Picha ya namna hiyo haina chembechembe, na mizani inayohesabu chembechembe tu itaipa alama za juu. Hata hivyo, mtu aliyepigwa hatambuliki. Kwa hiyo ulinganishi unaohusu nyuso hauna budi kuwa na kigezo cha uaminifu kwa rangi na umbile la ngozi, pembeni ya kigezo cha usafi wa picha.

7.0 Utaratibu wa ulinganishi wa haki

Vipo viwango vya kimataifa vya upimaji wa kamera, kikiwamo ISO 12233 cha kupima uwezo wa kutenganisha mistari, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000. Viwango hivyo huhitaji maabara. Kutokana na ufafanuzi uliotangulia, inawezekana kuunda utaratibu mwepesi unaofuata mantiki ile ile na unaoweza kutekelezwa Feri.

Kwanza, kibadilike kitu kimoja tu. Anayelinganisha kamera atumie lenzi moja pale inapowezekana, na anayelinganisha lenzi atumie kamera moja. Pale kihisi kinapotofautiana kwa ukubwa, upana wa mandhari usawazishwe. Lenzi ya milimita 50 katika APS-C huonesha upana wa takriban milimita 75 katika fremu kamili, au 80 kwa kamera za Canon, na mpiga picha asiifidie tofauti hiyo kwa kusogea, kwani kusogea hubadilisha uwiano wa uso na kilicho nyuma yake.

Pili, mwanga upangwe kwa mkono. Kamera inayojipangia hukadiria wastani wa mandhari yote. Kwa kuwa bahari inang'aa, huifanya picha nzima kuwa nyeusi, na kila kampuni ina ukadiriaji wake. Tofauti itakayoonekana itakuwa ya ukadiriaji, si ya kihisi.

Tatu, picha zipigwe ndani ya dakika chache. Jua linalopanda nyuzi karibu 15 kwa saa hubadilisha kivuli cha paa upesi, na wingu moja hubatilisha mfululizo mzima. Inashauriwa kurudia kamera ya kwanza mwishoni: ikiwa picha yake ya mwisho haifanani na ya mwanzo, mwanga umebadilika na jaribio lirudiwe.

Nne, faili ghafi zichakatwe kwa programu moja na mpangilio mmoja, na JPEG zilinganishwe kando. La kwanza hupima kihisi na lenzi. La pili hupima uamuzi wa kampuni. Yote mawili yana maana kwa mnunuzi, lakini si jambo moja.

Tano, picha zitazamwe kwa ukubwa wa matumizi yake. Kukuza picha ya megapikseli 24 na ya 12 kwa kila pikseli ni sawa na kulitazama bango moja kwa darubini na jingine kwa macho. Zote zichapishwe kwa kipimo kimoja, au zipunguzwe hadi idadi moja ya pikseli.

Sita, katika kila mandhari awepo mtu, kwa ridhaa yake, na pembeni yake kadi ya rangi. Kadi hutoa nambari, naye mtu huonesha iwapo nambari hizo zimemtendea haki. Watazamaji wanaopanga picha kwa ubora wasielezwe ipi imetoka kamera ipi, na mpigwa picha mwenyewe awe miongoni mwao.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kuwa ubora wa picha ni uhusiano wa kifaa, mwanga na mtu anayepigwa picha, na kwamba ulinganishi unaoacha kimojawapo haujakamilika. Kwa Feri, uhusiano huo hutawaliwa na pengo la stopu sita hadi kumi kati ya uso ulio kivulini na weupe ulio juani. Katika pengo hilo megapikseli haziamui. Huamua wingi wa mwanga unaokusanywa, utulivu wa kihisi gizani, usafi wa kioo cha lenzi, na uaminifu wa programu kwa ngozi. Uso mweusi kivulini ndio kipimo kikali kuliko vyote: kamera inayoumudu huo haitashindwa na uso mwingine wowote mahali pale, ilhali kamera iliyosifiwa kwa uso mweupe juani haijathibitisha lolote kuhusu huo.

Kwa mnunuzi, hitimisho hili lina tafsiri rahisi. Kabla ya kulipa, kamera itolewe nje hadi kizingitini mwa duka, mtu asimame ndani ya kivuli na barabara yenye jua iwe nyuma yake, mwanga upangwe ili weupe wa nje usiungue, kisha uso ukuzwe na kutazamwa. Tochi nayo ipitishwe katika lenzi. Majaribio hayo mawili yanachukua dakika tano na hayahitaji maabara. Kwa watafiti, kazi iliyobaki ni kuyakusanya majaribio ya namna hiyo kwa utaratibu mmoja, katika masoko, vivuko na studio za mwambao, ili mizani ya kulinganishia kamera zinazotumiwa hapa itokane na mwanga wa hapa na nyuso za hapa.